Mwalimu, simu na moyo unaoruka: uchambuzi wa kisa kimoja cha Pemba

Jina, skuli, wilaya na hospitali zilizohusika vimeondolewa, na baadhi ya mambo ya familia yamebadilishwa ili mhusika asitambulike. Kisa kinaandikwa kwa ajili ya matabibu, wauguzi, washauri na jamaa wanaoishi na mtu asiyeweza kuacha kutafuta maradhi kwenye simu kila mwili unapomshtua.

Usuli

Mhusika ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwalimu wa skuli ya msingi Pemba, mama wa watoto wawili. Humu ataitwa Mwalimu. Mumewe anafanya biashara Unguja na huvuka kurudi nyumbani mara moja au mbili kwa mwezi. Mwalimu anakaa na mama mkwe wake, ambaye ana presha iliyothibitishwa na anatumia dawa kila siku. Mwalimu mwenyewe hajawahi kulazwa ila kwa kujifungua. Hunywa chai ya rangi kali, vikombe vitano au sita kwa siku, na cha mwisho hukinywa akisahihisha madaftari baada ya Isha.

Ami yake alifariki ghafla. Alikuwa amepindukia miaka sitini, ana sukari na presha, na dawa alikuwa akizitumia anapokumbuka. Matangani hayo yote hayakusemwa. Kilichosemwa ni kwamba "moyo ulisimama tu", na maneno hayo Mwalimu aliondoka nayo. Arobaini haijafika, usiku mmoja akiwa amelalia ubavu wa kushoto, alihisi moyo umesita kisha ukapiga teke.

Yaliyotokea kabla ya kufika kliniki

Usiku huohuo, saa tano, aliichukua simu. Alianza kwa Kiswahili, akauliza kuhusu moyo kuruka usiku. Alikuta kurasa chache fupi, nyingine zikiishia kwenye namba ya muuza dawa. Akahamia Kiingereza. Ukurasa wa kwanza aliousoma ulimwambia kweli tupu: mapigo ya ziada huwapata watu wengi wenye mioyo mizima, na hupungua mtu akipunguza chai, kahawa na kukesha. Aliusoma hadi mwisho, akaendelea kutafuta. Swali lake la nne au la tano tayari lilikuwa na maneno "kifo cha ghafla" ndani yake, na saa tisa usiku alikuwa anasoma maradhi ya kurithi ya misuli ya moyo. Jibu sahihi alilipata ndani ya dakika kumi, na halikumtosha. Kisa kizima kimekaa hapo.

Wiki mbili baadaye alikuwa na mashine ya presha na oksimita, kifaa cha kidoleni kinachokadiria oksijeni ya damu kwa asilimia. Presha aliipima mara kumi na tano, siku nyingine ishirini, kila mara akiwa na khofu, mara nyingi akiwa amesimama au ametoka kupanda ngazi. Asubuhi ilisoma 118/76. Usiku, baada ya kupima mara nne mfululizo, ilifika 146/94. Kila tofauti ilizaa swali jipya la kutafuta.

Kituo cha kwanza kilimpima malaria na presha, kikamwambia hana kitu, ni mawazo tu. Alitoka na vitamini. Njiani, kabla hajafika nyumbani, alishaanza kutafuta maradhi ya moyo ambayo vituo vidogo huyakosa. Duka la dawa lilimuuzia diazepamu, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi. Alilala siku tatu vizuri, ya nne akaamka na khofu zaidi kwa kuwa vidonge vimekwisha. Hospitali ya pili ilimpima ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ikatoka safi. Utulivu ulidumu siku nne, mpaka aliposoma kwamba ECG ya kawaida hurekodi sekunde 10 tu za moyo. Habari hiyo ni sahihi. Kwake ilimaanisha kwamba mapigo mabaya yanaweza kujificha katika sekunde zote zilizobaki.

Akavuka kwa boti kwenda Unguja, mumewe akamlipia ultrasaundi ya moyo. Safi pia. Safari hii utulivu ulidumu kiasi cha wiki moja na siku mbili.

Kilichomfikisha kliniki ni harusi ya binamu yake. Alipakwa hina mikononi, ncha za vidole na kucha zikatiwa piko. Usiku wa kuamkia harusi aliivaa oksimita, ikasoma 88. Aliitafuta namba hiyo, akasoma kwamba chini ya 90 ni dharura, akaanza kuhema haraka. Midomo na vidole vikafa ganzi, na jamaa wakamkimbiza hospitali katikati ya usiku. Tabibu wa zamu aliangalia mikono yake kwanza. Aliweka kipimo cha hospitali kwenye kidole cha mguu kisichopakwa kitu, kikasoma 98. Rangi nzito kama piko huzuia mwanga ambao oksimita huupitisha kwenye kidole ili kukadiria oksijeni, na namba inayotoka haiwi ya damu tena. Ganzi nayo ilitokana na kuhema kupita kiasi: hewa ya kaboni ikipungua sana kwenye damu, mishipa ya fahamu husisimka na midomo na vidole huchonyota.

Tabibu huyo alifanya jambo ambalo hakuna aliyelifanya kabla yake. Alimuuliza: "Mwalimu, kabla ya kuja hapa ulisoma nini kwenye simu?" Kisha akampeleka kliniki ya afya ya akili kwa barua iliyoeleza vipimo vyote vilivyokwisha kufanywa, ili visianzwe upya.

Tathmini

Muuguzi wa kliniki alianza na mwili. Hakukuwa na kuzimia, wala maumivu ya kifua wakati wa kazi, wala kukatika pumzi akilala chali, wala kuvimba miguu. Katika ukoo hakuna aliyekufa ghafla akiwa kijana. Kifo cha ami, ukikipima kwa umri wake, sukari na presha, kinaeleweka vizuri na hakionyeshi kwamba mtoto wa ndugu yake amerithi maradhi ya kufa ghafla. Kipimo cha mimba kilikuwa hasi. Homoni za tezi la shingo zilikuwa ndani ya kiwango. Hizi hazifai kurukwa, kwa sababu tezi linalofanya kazi kupita kiasi huleta moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka na wasiwasi unaofanana kabisa na huu.

Wingi wa damu ulitoka gramu 11.1 kwa desilita. Kwa mwanamke asiye mjamzito kiwango ni 12 kwenda juu, kwa hiyo alikuwa na upungufu mdogo. Upungufu huo hauui, lakini huweza kuufanya moyo upige haraka zaidi. Maana yake ni kwamba aliyemwambia hana kitu hakuwa sahihi hata kwa vipimo.

Kisha likaja swali la simu. Muuguzi hakuuliza kama anatafuta sana. Alimwomba afungue kumbukumbu za kivinjari na wakapitia usiku mmoja pamoja: alianza saa ngapi, alihisi nini dakika moja kabla, aliandika maneno gani, alihisi nini baada ya kila ukurasa, na kipi kilimfanya aache. Alitafuta kwa zaidi ya saa mbili na nusu. Khofu ilishuka baada ya ukurasa wa kwanza na wa tatu, ikapanda juu ya ilipoanzia kufikia wa sita, na kilichomfanya aache ni bando kuisha.

Maswali saba ya GAD-7, dodoso la kupima wasiwasi lenye alama 0 hadi 21, yalimpa 16, na kuanzia 15 huhesabiwa wasiwasi mkali. Hakuwa na mawazo ya kujidhuru. Kazini alikuwa bado anakwenda, ingawa mara nyingi aliwaachia wanafunzi kazi ya kunakili ubaoni ili aende chooni kujipima mapigo.

Maamuzi na sababu zake

La kwanza lilikuwa kufunga hesabu ya vipimo. Muuguzi na daktari walimweleza kila kipimo kilichofanyika kinaangalia nini, na wakakubaliana naye kwa maandishi dalili zipi zitafungua kipimo kipya: kuzimia au kukaribia kuzimia, maumivu ya kifua yanayokuja na kazi, pumzi kukatika akilala, miguu kuvimba, au mapigo ya mbio yanayoendelea mfululizo pamoja na kizunguzungu. Bila mkataba kama huo kila khofu hugeuka hoja ya kipimo, na kila kipimo safi hufundisha kwamba utulivu hupatikana kwa kupimwa.

La pili, kutomnyang'anya simu. Mumewe alipendekeza anunuliwe simu ya vitufe. Kliniki ilikataa. Skuli inaendeshwa kwa WhatsApp, mumewe yuko ng'ambo ya bahari, na mtu aliyekatazwa kutafuta hutafuta kwa simu ya mtoto wa jirani. Badala yake alipewa dirisha moja la dakika 15, saa kumi alasiri, akiwa amekaa kitini ukumbini. Swali likimjia wakati mwingine aliandike kwenye daftari na alisubirishe. Siku za mwanzo asubiri angalau dakika 15, kisha 30, kisha saa nzima, kisha hadi dirisha la kesho. Usiku simu ichajiwe ukumbini. Saa ya kengele ya kawaida ilinunuliwa, maana kisingizio cha kwanza cha kila mtu ni kwamba simu ndiyo inayomwamsha Alfajiri.

La tatu, vifaa. Mashine ya presha ilikabidhiwa kwa mama mkwe, mwenye haja nayo, na akafundishwa kuitumia: kukaa dakika 5 kwanza, mgongo umeegemea, miguu yote chini, mkono umelazwa usawa wa moyo, mkanda juu ya ngozi tupu, bila chai katika nusu saa iliyotangulia, kupima mara mbili kwa kuachanisha dakika moja. Oksimita ilirudi Unguja na mume.

La nne, damu na chai. Alipewa madini ya chuma kwa vidonge, avinywe mbali na chai, kwa kuwa chai huzuia chuma kisifyonzwe. Alipewa pia dawa ya minyoo, kwani safura hunyonya damu kimyakimya. Chai ya rangi ikome baada ya Alasiri.

La tano, dawa ya wasiwasi. Sertralini ilizungumzwa na haikuanzwa. Dawa za aina hii huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na siku za mwanzo zinaweza kuongeza mtetemo, jambo ambalo kwa mtu anayeusikiliza moyo wake huwa chakula kipya cha khofu. Alikuwa anaweza kuhudhuria kila wiki. Walikubaliana kwamba alama zisiposhuka kwa nusu ndani ya wiki nane, au huzuni ikiingia, ianzwe. Diazepamu isinunuliwe tena.

Mama mkwe alitaka kisomo. Kliniki haikupinga, na sababu zake ni za kitabibu pia: kisomo kilimtuliza mama wa nyumba, na nyumba iliyotulia humsaidia mgonjwa. Masharti yalikuwa mawili. Vidonge visiachwe kwa sababu ya kombe, yaani maji ya aya zilizoandikwa na kuoshwa ili yanywewe, na msomaji awe mmoja. Kuhama kutoka kwa shehe hadi shehe kutafuta anayesema neno la kuridhisha zaidi ni mwendo uleule wa kuhama ukurasa hadi ukurasa.

Utekelezaji

Wiki ya kwanza daftari lilirudi limejaa, lakini limejaa vibaya. Mwalimu aliandika kila pigo lililoruka, saa yake na ukali wake kwa alama, kama anavyosahihisha mitihani. Daftari likawa kifaa kingine cha kujipima. Mpango ukabadilishwa: aandike swali tu, sentensi moja, bila namba wala maelezo ya mwili.

Wiki ya tatu ilibainika kwamba utafutaji ulikuwa umepungua nyumbani na kuhamia Unguja. Mwalimu alimtumia mume voisi, mume akatafuta, akamsomea majibu. Mume aliitwa alipovuka na kuelezwa kwamba kutafuta kwa niaba ya mtu ni kutafuta. Alipewa sentensi moja ya kujibu: "Nimekusikia, mama. Liandike, saa kumi utalitazama." Ilimuwia vigumu sana. Mwanamme aliye mbali, asiyeweza hata kumshika mkewe mkono, anaona kumnyima jibu ni kumnyima huruma, na kliniki ilibidi impe muda wa kulia kuhusu hilo kabla hajaweza kulifanya.

Wiki ya nne yalianza mazoezi ya kuukabili mwili wenyewe, baada ya daktari kuridhia. Mwalimu alikimbia papo hapo dakika 1 mbele ya muuguzi, moyo ukaenda mbio, kisha akakaa bila kushika kifundo cha mkono na kungoja. Mara ya kwanza alishika shingo baada ya sekunde chache. Kufikia mara ya tano alikaa mikono magotini mpaka moyo ukatulia wenyewe. Alirudia nyumbani kila siku, mara tatu. Alilalia pia ubavu wa kushoto kwa makusudi, upande alioukimbia tangu usiku ule. Moyo ukiwa karibu zaidi na ukuta wa kifua, mapigo husikika upande huo zaidi. Na lile teke lina maelezo: pigo linawahi, moyo unasubiri kidogo, unajaa damu zaidi ya kawaida, na pigo linalofuata linakuwa na nguvu.

Wiki ya sita ilizunguka video ya kijana aliyeanguka uwanjani. Kundi la walimu liliituma, wawili watatu wakaituma tena. Alitafuta hadi adhana ya Alfajiri. Alikuja kliniki akisema yote yameharibika. Muuguzi alichukua usiku huo kama wa kwanza na kuupitia naye kwa njia ileile. Kisha wakafuta historia ya video alizotazama na kuzima upakuaji wa video wa moja kwa moja kwenye WhatsApp. Programu za video huleta zaidi ya kile kilichotazamwa hadi mwisho. Video chache za vifo vya ghafla zinaweza kuijaza skrini nyingine za aina hiyo.

Matokeo

Wiki ya 12 GAD-7 ilikuwa 6, na damu imefika 12.3. Siku nyingi dirisha la saa kumi lilipita bila kutumiwa, kwa kuwa maswali ya usiku yakisomwa alasiri yalikuwa yamepoa. Moyo bado huruka mara mojamoja. Hakeshi tena akiusikiliza.

Havuki kwenda Unguja peke yake mpaka leo, kwa kuhofia kuugua katikati ya bahari, na matangani hukaa nje ya mlango. Hayo mawili hayakuguswa vya kutosha na yanaendelea kufanyiwa kazi. Katika miezi sita alifika hospitali bila miadi mara moja, akiwa na homa, na ilikuwa homa ya kweli.

Uchambuzi

Watu wengi wakisikia kisa hiki hulaumu uongo wa mtandaoni. Katika kisa hiki lawama hiyo haifiki mbali. Takriban kila kitu kilichomtisha Mwalimu kilikuwa kweli: ECG ni sekunde 10, oksijeni chini ya 90 ni hatari, wapo vijana wanaokufa kwa maradhi ya moyo ya kurithi. Kilichokosekana ni uzani. Injini ya kutafuta hulingana na maneno, haijui mtu ana umri gani, vipimo vyake vimetokaje, wala kwamba vidole vyake vina piko. Mwaka 2009 watafiti Ryen White na Eric Horvitz wa Microsoft walieleza jinsi utafutaji unaoanza na malalamiko ya kawaida hupanda hadi maradhi makubwa na adimu. Ugonjwa adimu huandikwa kurasa nyingi. Chai nyingi ya usiku haina wengi wa kuiandikia.

Lakini hata uzani ungekuwepo, Mwalimu angeendelea. Kutafuta kulimpa nafuu ya dakika chache, na nafuu hiyo ndiyo iliyomfundisha kutafuta tena. Ndiyo maana kumjibu vizuri zaidi hakukumponya. Ultrasaundi ni jibu bora kuliko ukurasa wowote, nayo iliisha nguvu ndani ya siku tisa. Kilichobadilisha mambo ni kukaa na swali bila jibu mpaka khofu ishuke yenyewe, mara nyingi vya kutosha mpaka mwili uamini.

Lililoumiza zaidi upande wa huduma ni kumwambia hana kitu. Mgonjwa anayehisi teke kifuani anajua ana kitu. Akiambiwa hana, huhitimisha kwamba aliyempima hajui, na simu iko mkononi. Maelezo ya pigo linalowahi na pigo linalojaa huchukua dakika mbili, na yangeweza kutolewa kituo cha kwanza. Swali la simu nalo ni la nusu dakika. Katika foleni ndefu ya asubuhi, tabibu asiye na nafasi ya zaidi anaweza kuuliza matatu: ulisoma nini, ulipomaliza kusoma ulikuwa na khofu zaidi au kidogo, na ni kitu gani hasa unaogopa ninaweza kukikosa leo. La tatu ndilo linaloonyesha kipimo gani kina maana na maelezo gani yanahitajika.

Barua ya tabibu wa zamu inastahili kutajwa tena. Bila orodha ile ya vipimo, kliniki ingeanza na ECG ya pili, na mwezi mmoja mwingine ungekwenda.

Pale mpango huu haufai

Mpango wa kuchelewesha na kutopima ulifaa kwa sababu mwili ulishachunguzwa. Usitumiwe kwa mtu ambaye hajawahi kupimwa, wala kwa dalili mpya kabisa ndani ya mtu mwenye wasiwasi wa zamani. Mazoezi ya kukimbia papo hapo, au ya kuhema haraka kwa makusudi, hayafanywi kwa mjamzito, mwenye pumu isiyotulia, mwenye kifafa au mwenye ugonjwa wa moyo bila idhini ya daktari. Anayezimia, anayebanwa kifua akifanya kazi ya nguvu, anayekosa pumzi akilala, au anayesema hataki kuishi, hasubirishwi hadi dirisha la saa kumi. Apelekwe hospitali saa hiyohiyo, awe amesoma mtandaoni au hakusoma.